Korongo wa Mia Tano

Asubuhi ya Jumanne tumbo la mume wangu lilikuwa inchi arobaini na mbili. Mimi ndiye niliyelipima, kwa utepe uleule niliopimia mapazia ya watu kwa miaka ishirini na minane. Mkanda wa kiti cha Korongo Mweusi, rola kosta moja ya mbao, ukivutwa mpaka mwisho wake, unafika inchi arobaini na tano. Emil alikuwa na hakika na kipimo hicho kuliko tarehe ya kuzaliwa kwangu. Kwa hiyo tulikuwa na inchi tatu tu, na tumbo lilikuwa likipanda inchi moja au zaidi kila siku.

"Ngapi?" akauliza. Alikuwa amesimama katikati ya gari-nyumba letu, ameinua fulana kwa mikono miwili, miguu imemvimba mpaka soksi hazipandi.

"Arobaini na mbili."

"Si nilikwambia? Basi nikaangie yai."

"Daktari amekataza chumvi."

"Nimesema yai, sijasema chumvi. Loo, mwanamke huyu!"

Ini la Emil lilikuwa limekwisha. Na kabla hujamfikiria vibaya, hakuwa mlevi. Watu wakisikia ini wanakutazama hivi, wanatikisa kichwa. Emil alikunywa bia mbili siku ya Krismasi, ya tatu akalala kitini. Ilikuwa ni damu tu, ugonjwa wa ukoo wao, na baba yake alikwenda hivyohivyo. Maji yalikuwa yakivuja ndani na kujaa tumboni, na kila baada ya siku kumi hospitali walikuwa wakimtoboa kuyatoa. Jumatatu walitoa lita saba. Presha ikaanguka, wakanisukuma nje ya chumba. Baadaye daktari, mama mmoja mpole mwenye viatu vya kukimbilia, alinishika mkono kwenye korido akaniambia hawatamtoboa tena. "Safari ijayo hataamka," alisema. "Mpeleke anakotaka kwenda."

Alikotaka kwenda ni hapa. Tulikuwa tumeegesha kwenye kambi ya magari nyuma ya bustani ya michezo, kando ya ziwa, tukisikia watu wakipiga mayowe kwenye rola kosta kuanzia saa nne asubuhi.

Sasa lazima nikueleze wendawazimu wa mume wangu, maana bila huo hutaelewa kitu. Emil alikuwa fundi wa kutengeneza tanuri za kupasha nyumba joto, kazi ya chini ya ardhi, vyumba vya giza na masizi. Lakini tangu ana miaka kumi na mitatu alikuwa akizifuata rola kosta, zile treni za kuchezea zinazopandishwa mlima kwa mnyororo halafu zikaachiwa ziporomoke. Kila moja aliyoipanda aliiandika. Wako wengi wa namna yake, wana chama, wana mkutano wa mwaka, na wana sheria zao ambazo hakuna aliyewatuma kuzitunga. Ukiipanda treni moja mara mia, ni moja. Treni ikikwama juu mkashushwa kwa ngazi, hukupanda. Na namba kubwa hupewa treni kubwa: ya mia, ya mia mbili, ya mia tatu, hizo huziangukii tu njiani, unazichagua, unaziwekea akiba, na siku hiyo wenzako wanakuja na karatasi yenye namba mnapiga picha.

Korongo Mweusi ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa Emil. Ni wa mbao, kajengwa kabla hatujazaliwa, anakimbia ukingoni mwa ziwa mpaka unadhani utatumbukia. Yuko dakika hamsini kutoka nyumbani kwetu. Dakika hamsini! Unatoka baada ya kifungua kinywa, unarudi kabla ya chakula cha mchana. Na katika miaka thelathini na minne ya ndoa yetu, Emil hakuwahi kumpanda hata mara moja, kwa sababu alikuwa anamwekea akiba.

Na mimi nimo. Mimi naogopa urefu. Sipandi kigoda kubadilisha taa. Tulipochumbiana nilimwambia waziwazi: "Nitapanda na wewe mara moja tu maishani. Moja. Chagua mwenyewe ipi, halafu usiniulize tena." Akafurahi kana kwamba nimempa shamba. Akachagua Korongo, kiti cha mbele kabisa, sisi wawili. "Atakuwa wa mia," akasema. Ilipofika tisini na kitu tukawa Texas kwa kaka yake, akaona kuna mwingine huko mkubwa, akasema basi Korongo atakuwa wa mia mbili, itapendeza zaidi. Ya mia mbili akasogeza. Ya mia tatu akasogeza. Mimi nikakaa kwenye mabenchi ya bustani zote za nchi hii nikishika mkoba, miwani, funguo na kofia yake, nikila viazi vya kukaanga vyenye siki, nikisema moyoni, haya, mwache asogeze.

Aprili ndipo daktari alipotuambia ni suala la miezi. Wakati ule tumbo lilikuwa bapa. Angeweza kukaa kwenye kiti chochote. Alikuwa kwenye namba mia nne themanini na moja.

"Twende kwa Korongo," nilimwambia siku ileile, tukiwa bado tumo ndani ya gari nje ya hospitali. "Jumamosi wanafungua. Twende tumalize."

Akanigeukia kama nimemtukana. "Korongo awe wa mia nne themanini na mbili?"

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Bernadine. Mia nne themanini na mbili ni namba gani? Nitamwambia nani?"

"Utaniambia mimi."

"Nimebakiza kumi na nane tu kabla yake. Kumi na nane ni nini? Tunanunua gari-nyumba, tunazungusha, Julai tumerudi, wewe na mimi mbele, wa mia tano. Hapo nikifa nimekufa mtu."

Nilisema mara moja. Sikurudia.

Basi tukanunua gari-nyumba la mtumba lenye harufu ya mbwa wa watu, na mimi ndiye niliyeliendesha, kwa sababu vidonge vyake vilimlaza. Indiana, Kentucky, Tennessee, Missouri. Mimi niliendesha, nilipika, niliunganisha maji na umeme kila kambi, nilivuta lile bomba la choo na kulimwaga huku nimeshika pumzi, na yeye alipanda. Wa mia nne tisini alimpanda akashuka akatapika kwenye ndoo ya maua. Wa mia nne tisini na saba alikuwa kwenye maonyesho ya wilaya fulani: joka dogo la kijani la watoto wa chekechea, mlima wake hauzidi paa la banda la kuku. Emil alikuwa akiwacheka miaka yote wanachama wanaohesabu majoka ya watoto. Siku ile alikunja magoti mpaka masikioni akaingia, peke yake kati ya watoto tisa, akazunguka mara tatu bila kutabasamu. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi. Aliposhuka akasema, "Ukimwambia Orrin wa chamani nakuacha," na yeye akacheka pia, tumbo likamuuma. Ilikuwa mwezi wa saba. Hapo ndipo nililiona tumbo, kwamba halikuwa bapa tena.

Ngoja ngoja yaumiza matumbo, wanasema watu, na mimi sikuhitaji kuambiwa.

Jumanne hiyo, basi, tulikuwa na inchi tatu, na upepo. Upepo kutoka ziwani unaobeba viti. Tulifika langoni saa nne kasoro, Emil kwenye kiti cha magurudumu, nikasoma ubao: Korongo amefungwa mpaka upepo utulie. Haukutulia. Tulikaa pale chini yake mpaka saa kumi na moja jioni, Emil akitazama vile vibendera juu ya mlima, kila vikilegea ananyanyuka nusu, vikisimama tena anakaa.

Jumatano, arobaini na tatu na nusu. Hapakuwa na upepo, jua zuri kabisa. Tukafika, Korongo anatembea, tumewaona watu wamo ndani. Nilipokuwa nasukuma kiti kwenye ile njia ya mteremko, treni ikasimama katikati ya mlima. Mnyororo. Wakawashusha watu kwa ngazi mmoja mmoja, wanacheka, wanapiga picha. Emil aliwaangalia na kusema, "Wale hawakupanda," basi. Mafundi wakapanda na masanduku yao. Saa nane wakasema saa tisa. Saa tisa wakasema kesho.

Usiku ule niliweka sahani mezani, Emil akaisukuma. Nikamwambia, "Si lazima iwe hivi, mzee. Zipo nyingine humu ndani, za viti vikubwa. Panda moja iwe ya mia tano, tumalize, turudi nyumbani."

"Nyumba ipi?" akauliza.

Hilo nalo ni kweli. Nyumba tulikuwa tumeipangisha kwa watu ili tupate pesa ya safari.

Alhamisi nilimpima mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani utepe umejikunja mgongoni. Mara ya pili nikamwambia asimame wima. Mara ya tatu nikaona wazi: arobaini na tano na robo tatu. Ngozi ilikuwa imevutika inang'aa, kitovu kimetokeza nje.

"Ngapi?"

Nilivuta utepe. Fundi cherehani yeyote anajua jinsi ya kuvuta utepe, mteja mnene anatoka dukani amefurahi. Nilivuta mpaka ukazama kidogo, nikasoma.

"Arobaini na tano kasoro."

"Kasoro ngapi?"

"Kasoro kidogo."

Akafunga macho. "Asante Mungu," akasema, na Emil hakuwa mtu wa kumshukuru Mungu hovyo. Kwa nini nilimdanganya? Nilijiambia mikanda hulegea kwa kutumika, nilijiambia atavuta pumzi, nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba sikuwa na moyo wa kuwa mimi wa kumwambia.

Orrin Teske alikuwa ametungoja kwenye lango la Korongo. Huyo ni rafiki yake wa chamani, mjane, mrefu, mwenye namba mia sita na kumi na moja ambayo huitaja kabla hujamuuliza hali. Alikuwa ameendesha saa tano ili aje, na chini ya kwapa alikuwa na karatasi gumu la namba ya kupigia picha, lililofungwa kwenye taulo.

"Shemeji!" akanikumbatia. "Leo ndiyo leo. Leo na wewe tunakubatiza."

"Orrin, nyamaza nisije nikageuza gari."

"Anaogopa huyu," Emil akamwambia. "Mwangalie midomo."

"Mimi naogopa, wewe huogopi, umefurahi? Haya."

Pale mwanzo wa foleni, kando, kuna kiti cha kujaribia, kiti halisi cha Korongo chenye mkanda wake na chuma cha mapajani, ili mtu ajue mapema kama anaenea asije akapoteza saa nzima kwenye foleni. Orrin alikitazama kile kiti, akalitazama tumbo, akanitazama mimi. Sikumtazama.

"Emil," akasema polepole, "si ukae hapa kidogo tu? Dakika moja."

"Mia nne tisini na tisa," Emil akasema, "halafu nikae kwenye kiti cha kujaribia kama mtalii? Bernadine kanipima asubuhi. Au hukunipima?"

"Nimekupima," nikasema.

Saa nzima na dakika kumi tulikaa kwenye foleni ile. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye vile vyuma vya kupinda, na njia ya wagonjwa Emil aliikataa, akisema kwa wa mia tano mtu hapiti mlango wa nyuma. Alitembea. Alishika mabomba, akapumzika kila kona, Orrin akimshika kiunoni, mimi nimebeba kigoda cha kukunja cha kambini ili akae foleni ikisimama. Jasho lilimtoka mpaka shati likaonyesha ngozi. Lakini alikuwa anaongea! Jamani, alivyoongea. Aliwaeleza watu wasiomjua kwamba mteremko wa pili ndio wenye siri, kwamba mbele unaona na nyuma unanyakuliwa, kwamba mkewe hajawahi kupanda hata joka la watoto. Wasichana wawili waliokuwa mbele yetu wakampigia makofi. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu Aprili, na kila alivyozidi kufurahi ndivyo nilivyozidi kutaka kufa.

Juu kituoni kulikuwa na mama wa makamo aliyekuwa akifunga watu mikanda, kibao chake cha kifuani kimeandikwa LuAnn. Baadaye nilisikia alikuwa mwalimu mstaafu anayefanya kazi pale kila kiangazi. Tulisubiri kiti cha mbele. Treni ikaja. Emil akaingia kwanza, ilimchukua muda, mguu mmoja kisha mwingine kwa kuuinua na mikono. Nikaingia pembeni yake. Orrin akakaa nyuma yetu.

Mkanda wangu ukalia ta! Chuma cha mapaja kikashuka. Emil akanishika goti, "Bibie," akasema, "tumefika."

Halafu akavuta mkanda wake.

Ulibaki upana wa kidole gumba. Akavuta tena. LuAnn akafika, akainama, akausukuma. "Toa pumzi, baba. Toa yote. Tena." Emil akatoa pumzi mpaka shingo ikasimama mishipa. LuAnn akasukuma, magoti yake ameyakaza ubavuni mwa behewa. Orrin kutoka nyuma akaingiza mkono akalibana tumbo, Emil akaguna kwa maumivu, akasema, "Endelea, endelea." Kifungo na ulimi wake viligusana, nimeona kwa macho yangu viligusana, havikuingia. Treni nzima ilikuwa imefungwa tayari, inasubiri. Watu wakaanza kupiga makofi ya kuhimiza, pa, pa, pa, kisha makofi yakapungua.

"Mzee, punguza bia!" mtu akapaza sauti nyuma kule, na wengine wakacheka.

Niligeuka. "Wewe mwenye mdomo!" nilisema, sauti yangu ikapanda mpaka paa. "Ni maji hayo! Ni ini! Njoo hapa mbele uniambie mimi, mshenzi mkubwa wewe!"

LuAnn alikuwa bado ameushika mkanda. "Samahani, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa kweli siwezi. Siruhusiwi."

"Robo inchi," Emil akasema.

"Najua."

"Nimekuwa nikimngoja huyu miaka thelathini na minne."

"Najua, baba." Hakujua, angejuaje, lakini alisema hivyo na macho yake yalikuwa mekundu. Akamfanyia ishara yule wa kwenye mtambo, vyuma vyote vikalegea kwa pamoja.

Nilianza kufungua mkanda wangu. Emil akaniwekea mkono juu ya kifungo.

"Wewe kaa."

"Sikai. Tunashuka."

"Umesema mara moja. Moja ndiyo hii. Kaa, Bernadine."

"Emil, sitaki bila wewe. Naogopa."

"Basi ogopa huko juu," akasema, bila hasira. "Mmoja wetu apande."

Akashuka. Ilichukua muda mrefu kuliko kuingia. Orrin akaruka kutoka nyuma akamshika, na wote wawili wakavuka kwenda upande wa kutokea, Emil ameshika ukuta. Wakamwita mtu aliye peke yake aje kujaza kiti, akaja kijana mwenye kofia ya shamba, akakaa palepale palipokuwa na joto la mume wangu. Mkanda wake ukalia mara moja. "Mara ya kwanza?" akaniuliza.

"Na ya mwisho," nikasema, na treni ikaondoka.

Sasa nisikilize. Nilifunga macho mpaka nusu ya mlima. Nilikuwa nalia, nilikuwa namlaani Emil, chama chake, Orrin, yule wa bia, na mimi mwenyewe kuliko wote. Mnyororo unagonga chini yako, ta-ta-ta-ta, halafu unaacha. Nikafumbua macho. Ziwa lote lilikuwa mbele yangu, buluu, halina mwisho, na reli haionekani. Tukaporomoka. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mteremko wa pili makalio yakaondoka kitini, mikono ikapaa yenyewe, na kitu kikanifunguka hapa kifuani, na nikaanza kucheka. Si kwa woga. Kwa furaha! Furaha ya kitoto, ya kijinga. Nilicheka mteremko wa tatu wote, nilicheka kwenye kona ya maji, yule kijana akawa anacheka kwa ajili yangu, nikampiga bega, nikapaza sauti, "Tena! Tena!" Haki ya Mungu nilisema hivyo. Kwa dakika moja na nusu nilimsahau mume wangu kabisa.

Nilimkumbuka breki ziliposhika.

Nikajipangusa uso. Nikajiambia: Bernadine, utamwambia ilikuwa ovyo. Utamwambia ni makelele na mgongo kuuma, hakukosa kitu. Nilijizoeza sentensi hiyo nikishuka kwenye ile njia ya kutokea, nikaisema kwa sauti mara mbili.

Alikuwa kwenye benchi, peke yake. Orrin alikuwa amekwenda kuchukua kiti cha magurudumu. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkoba wangu.

"Vipi?" akauliza.

"Ovyo. Makelele tu. Mgongo unaniuma."

"Mteremko wa kwanza ulipiga kelele," akasema. "Wa pili ulikuwa unacheka. Ulinyoosha mikono. Nimekuona kutoka hapa, Bernadine, na sauti yako naijua."

Nikakaa. Sikuweza kuendelea na uongo, siku ile nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha. Nikamwambia yote: ziwa, reli inavyopotea, na kwamba alisema kweli kuhusu mteremko wa pili. Alisikiliza amefumba macho, na mara kwa mara alikuwa akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kana kwamba namsomea barua. Nilipomaliza akauliza, taratibu tu:

"Kwa nini hukunilazimisha Aprili?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia mara moja. Wewe ukitaka kitu husemi mara moja. Zulia la sebuleni ulilisema mwaka mzima."

Ningeweza kumwambia ni yeye aliyekataa. Ilikuwa kweli, na Orrin alikuwa bado mbali. Lakini Emil alikuwa ameniangalia usoni.

"Nilifurahi ulipokataa," nikasema. "Niliposema twende, nilikuwa naomba ukatae. Kila uliposogeza, Emil, ya mia mbili, ya mia tatu, nilikuwa nafurahi. Kwa sababu ningelazimika kupanda. Nilikuwa naogopa."

Treni nyingine ikapita juu yetu, watu wakapiga mayowe, mbao zikatetemeka. Emil akaifuata kwa macho mpaka ikapinda ziwani.

"Uliogopa kitu hiki?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Afadhali angeuliza kwa ukali. Orrin akaleta kiti, tukamkalisha, nikaanza kumsukuma kurudi kambini kupitia kwenye vibanda vya limau baridi na soseji za vijiti. Mpaka tunafika kwenye gari alikuwa ameniuliza swali hilohilo mara tatu, na mara zote tatu sikumjibu.